Digrii Themanini za Sajini Ocira

Meja Okwir, daktari wa jeshi, alikuwa na fomu mbili na kalenda moja, na kwa maoni yake kesi ilikwisha kabla Inspekta Nafuna hajavuta kiti.

Fomu ya kwanza ilijazwa mwezi Machi na Odera, mtaalamu wa viungo kutoka Kenya mwenye kliniki yake Bukoto. Ilisema kwamba Sajini mstaafu Ocira, aliyeumia mgongo miaka mingi nyuma, siku lori la jeshi lilipopinduka, anaweza kuinama mbele kwa digrii ishirini na tano tu. Fomu ya pili Meja aliijaza mwenyewe mwezi Julai, hapa hapa kwenye ofisi ya bodi ya ulemavu, kwa kipima-pembe chake mwenyewe. Digrii themanini. Mtu mzima asiye na tatizo huinama tisini.

Jedwali la bodi halina utani. Aliye chini ya thelathini anahesabiwa ulemavu wa asilimia arobaini. Anayevuka sitini anapewa kumi na kutakiwa kila la heri. Kwa Ocira, tofauti hiyo ilikuwa ni mguu. Madaktari bingwa wa uti wa mgongo walikuwa wanakuja Kampala kufanya upasuaji kwa wiki moja, orodha yao ilipokea wenye asilimia arobaini kwenda juu, nayo ilifungwa Alhamisi saa kumi jioni. Mguu wa kushoto wa Ocira ulikwisha kuanza kufa ganzi. Akiikosa orodha hii, nyingine ni mwakani, na Odera alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kwamba mguu huo hautangoja mwaka. Na kama Meja ndiye aliyekuwa sahihi, badala ya hospitali Ocira angekwenda mahakamani kwa udanganyifu, Odera akimfuata nyuma.

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi.

Kalenda ilikuwa ya chama cha askari wastaafu, ile inayoning'inia katika nusu ya ofisi za mji huu. Picha ya mwezi wa Juni, iliyopigwa kwenye mkutano wa chama mwaka uliopita, ilimwonyesha Ocira ndani ya suti ya kahawia, ameinama mpaka vidole vinagusa nyasi. Meja aliiona kila alipoinua kichwa kutoka kwenye kazi zake. Siku faili la Ocira lilipomfikia, alilinganisha jina na picha, damu ikamchemka, akamwita mzee arudi kupimwa. Sasa aliigonga picha kwa kidole na kumwambia Nafuna kwamba yeye alikuwa anapima migongo ya askari kabla huyo Mkenya hajajua kufunga kamba za viatu.

Nafuna alimwacha amalize. Alikuwa amekaa miaka kumi na mmoja katika polisi ya jeshi kabla ya kuhamia upelelezi wa raia, na wakubwa wenye uhakika walikuwa chakula chake cha kila siku. Hawakumtisha na wala hawakumuudhi. Alichukua fomu zote mbili akaanza kuzisoma mstari kwa mstari, pamoja na maandishi madogo ya nyuma ambayo hakuna anayeyasoma.

Maandishi yale madogo yalisema kwamba kinachohesabiwa ni pale maumivu yanapoanza, si pale mwili unapogota. Kwa hiyo mbele ya fomu kulikuwa na visanduku viwili. Kimoja kiliuliza mgonjwa ameishia digrii ngapi. Cha pili kiliuliza maumivu yameanzia digrii ngapi. Odera alikuwa ameandika ishirini na tano kwenye cha kwanza na ishirini kwenye cha pili. Meja alikuwa ameandika themanini kwenye cha kwanza, na kwenye cha pili alipiga mstari.

Nafuna aliuliza mstari ule maana yake nini.

"Maana yake hakulalamika," Meja alisema. "Nilimwambia ainame, akainama. Dakika nne, kazi kwisha. Mtu mwenye mgongo mbovu angepiga kelele mpaka barabarani."

Alimuuliza nani mwingine alikuwepo, akaambiwa ni nesi wa bodi, Rosalba. Alimuuliza walizungumza lugha gani, maana Meja ni wa kabila la Lango na Ocira ni Muacholi, na watu hao wawili wakikutana kwenye arusi hawahitaji mkalimani. Meja alimtazama kana kwamba ameulizwa kama hula supu kwa uma. Ndani ya sare ni Kiswahili tu, alisema. Nafuna aliandika na hilo pia, akabeba nakala za fomu, akaomba na kalenda. Meja alimpa kalenda pamoja na msumari wake.

Alianzia Bukoto kwa sababu Odera ndiye aliyenuka. Mgeni, kliniki ya vyumba viwili juu ya duka la rangi, na cheti kinachompa askari asilimia arobaini. Nafuna alikuwa ameshakamata watu watatu wa namna hiyo katika maisha yake, akajiandaa kumkamata wa nne. Hakumwambia anamtafuta nani. Alimwambia amletee daftari la askari wote aliowapima mwaka ule, akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa na kulisoma lote, Odera akiwa amesimama mlangoni kwa kandambili na fulana, mikono hajui aiweke wapi.

Askari kumi na wanne. Wawili walikuwa na arobaini. Waliobaki walikuwa wametoka na kumi au na mikono mitupu, na pembeni mwa jina la mmoja Odera alikuwa ameandika: amekasirika, amesema atanishtaki. Hapo Nafuna alilifunga daftari. Muuza vyeti hawaachi wateja wake waondoke wamenuna. Angekuwa mwizi, basi angekuwa mwizi mjinga kuliko wote aliokutana nao, na macho ya Odera hayakuwa ya mjinga.

Ndipo akamtajia jina la Ocira. Odera alishusha pumzi, akaeleza. Siku ile alitumia saa nzima. Mjaluo na Muacholi wanasikilizana kila mmoja akiongea kwao, hivyo waliongea mambo ya nyumbani, mihogo, mvua, shemeji wasumbufu. Nusu saa ya kwanza mzee alisisitiza kwamba hana tatizo lolote. Nusu saa ya pili, akiwa amekunywa chai, alisema taratibu kwamba kuna kitu kama kisu hapo chini. Baada ya hapo Odera alimpima mara tatu, kila mara akimuomba aseme kisu kinapoingia. Ishirini, kumi na tisa, ishirini na moja.

"Huyo si mtu wa kutia chumvi, madam," Odera alisema. "Shida yake ni kwamba hatii kabisa."

Nafuna alimwomba nakala ya ukurasa ule, akamwambia asisafiri.

Karakana ya Wahabi, anakofanya kazi Ocira, iko Katwe, bondeni, mahali ambapo usipopaza sauti husikiki hata na mwenyewe. Wanatengeneza majiko ya mkaa na masufuria makubwa ya shule. Mafundi wote huketi chini, bati likiwa katikati ya miguu, wakigonga kuanzia asubuhi hadi jioni. Ndivyo ufundi ule unavyofanywa Katwe nzima, na aliyejifunza kuketi hajui kuufanya kwa namna nyingine. Mmoja tu ndiye aliyekuwa amesimama. Ocira alikuwa ameinua fuawe lake mpaka usawa wa kifua, juu ya injini kuukuu ya lori, na aligonga akiwa wima kabisa, huku mguu wa kushoto ameuegemeza kwenye ukuta.

Nafuna hakumsogelea mara moja. Mtu anayesubiri kushtakiwa anaweza kuinua fuawe lake usiku mmoja ili mpelelezi aje alione. Alichuchumaa, akatazama chini ya injini ile. Unga wa chuma na mafuta machafu vilikuwa vimegandamana kuizunguka mpaka vikawa kama sementi, vimeimeza vidole vinne kwenda juu. Alijaribu kuubandua kwa ufunguo, ufunguo ukapinda. Mbele ya fuawe ardhi ilikuwa na vishimo viwili, kimoja kirefu kwa mguu wa kulia, kingine hafifu kwa wa kushoto. Hayo si ya jana wala ya Machi. Mtu yule alikuwa amesimama pale miaka.

Alipotoa kitambulisho, Ocira aliweka nyundo chini, akakutanisha visigino, akanyooka. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, shati limefungwa vifungo vyote. Nafuna alimuuliza kama anajua anashukiwa nini, akasema anajua. Alimuuliza kama anajua orodha ya upasuaji inafungwa lini, akasema anajua hilo pia.

"Mgongo unakusumbua?"

"Hapana, afande. Sina shida."

"Na mguu?"

"Iko sawa, afande."

"Meja alipokupima, ulisikia maumivu?"

"Nilitekeleza, afande."

Nafuna alifunga daftari lake kwa kishindo. Katika kazi yake amewahi kuhoji walaghai wengi wa ulemavu, na wote, bila hata mmoja kukosa, walikuwa wakiugulia kabla hajafungua mdomo. Mmoja aliletwa kwa toroli. Huyu hapa anatuhumiwa kujifanya mgonjwa, mguu unamponyoka, na bado anajitetea kwa kusema ni mzima. Ilimkasirisha. Kama ujeuri ungekuwa kosa la jinai angemfunga pingu pale pale.

Wahabi, mwenye karakana, alimvuta Nafuna nyuma ya lundo la masufuria na kumweleza yale ambayo mzee asingesema hata kwa kuchomwa moto. Mwaka jana, siku ya mkutano wa chama, Ocira alitoka asubuhi akiwa anatembea. Alirudi jioni amelazwa nyuma ya pikapu, akakaa siku tatu juu ya makatoni pale karakanani, anakula kwa kulishwa. Nafuna alifungua kalenda mwezi wa Juni, akampa.

"Eh, ndiyo hiyo siku," Wahabi alisema. "Mimi nilimpeleka. Kanali mmoja alidondosha kifimbo yake. Hakumwambia mzee okota, mama nyabo. Alimwangalia tu, akasema, Sajini."

Nafuna aliichukua tena picha. Alikuwa ameitazama mara kumi tangu asubuhi, na kila mara, sawa na Meja, alikuwa anatazama mgongo. Sasa alitazama pembeni. Kwenye ukingo wa kulia, pale mchapishaji alipokata ili picha iingie, kulikuwa na ncha ya kiatu cheusi kilichong'arishwa mpaka kinaakisi jua, na kando yake ncha ya kifimbo ikitokeza kwenye nyasi.

Alimuuliza Wahabi na ile siku ya Julai Ocira alirudije. Wahabi alisema hakurudi. Alifuatwa. Nesi wa kule kwenye bodi alipiga simu kuomba aje amchukue mtu wake.

Jumatano Nafuna alimkuta Rosalba ofisini kwake, akamwomba kitabu cha zamu. Rosalba alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, Mungu ambariki. Siku ile Ocira aliingia chumba cha Meja saa nne na dakika tano, akatoka saa nne na dakika tisa. Dakika nne, kama alivyojisifu mwenyewe. Halafu, kwa mwandiko ule ule safi, aliandikwa kwamba amelala kwenye benchi ya korido mpaka saa tisa mchana, ametapika mara mbili, amepewa dawa ya maumivu. Nafuna alimuuliza kwa nini hakumwambia Meja, aliyekuwa nyuma ya mlango hatua kumi kutoka pale. Rosalba alisema mzee alimshika mkono na kumsihi asimwaibishe mbele ya afande. Alisema hivyo huku akilia, na Nafuna akamsubiri amalize kabla ya kuomba nakala ya ukurasa.

Alhamisi saa nane mchana walikutana wanne katika chumba cha Meja: Meja mwenyewe, Rosalba, Ocira na Nafuna. Zilibaki saa mbili orodha ifungwe. Nafuna alipanga karatasi zake mezani na kueleza mara moja, bila kupamba. Ocira ameonekana akiinama mara mbili tangu aumie. Mara zote mbili aliyemwinamisha alikuwa ofisa. Mara zote mbili alibebwa kurudi nyumbani. Kwa Odera, aliyevaa kandambili na kuongea lugha ya nyumbani, alisema panapouma. Kanali hakupata kusikia, Meja hakupata kusikia, na mwanzoni mpelelezi naye hakupata kusikia, kwa kuwa alitoa kitambulisho kabla ya kusalimia. Kile kisanduku cha pili, alisema, kilipigwa mstari kwa sababu kilichopimwa siku ile ilikuwa nidhamu.

Meja hakukasirika. Alizisoma karatasi zote, ya Rosalba akairudia. Kisha akasema, kwa haki kabisa, kwamba hadithi nzuri si kipimo. Hawezi kufuta themanini aliyoiona kwa macho yake na kuandika ishirini ya kuambiwa. Na akimpima tena kwa kumbembeleza, nani atamhakikishia kwamba mzee hakufundishwa pa kusimama?

Nafuna alikuwa amelitarajia swali hilo tangu Katwe. Alisema Ocira ageuzwe uso ukutani, asione kipimo. Meja ashike kipima-pembe kwa mkono mmoja, na kiganja cha mkono wa pili akiweke juu ya misuli ya kiuno. Misuli ya mgongo unaouma hujikaza yenyewe, na hakuna anayeweza kuifundisha. Daktari ataisikia kabla mgonjwa hajasema neno. Kama misuli na mdomo havitakubaliana, Nafuna mwenyewe atatia saini hati ya mashtaka.

"Na hatasema," Meja alisema. "Umesema mwenyewe. Mbele yangu hasemi. Nivue sare?"

"Hata ukivaa kaptula atauona ukubwa wako, Meja. Usimbembeleze. Mwamuru."

Ilichukua muda kidogo Meja kuelewa. Alipoelewa alisimama, akavuta shati lake chini, akaenda nyuma ya mzee. Ocira alikuwa ameshavua shati lake na kulikunja pembe nne juu ya kiti. Kovu lilimshuka kuanzia katikati ya mgongo mpaka ndani ya mkanda.

"Sajini Ocira."

"Afande."

"Utainama mbele, polepole. Maumivu yakianza utasimama hapo hapo, na utaniambia kwa sauti. Usipite hapo hata kidogo. Hiyo ni amri."

Rosalba alikuwa ameshika kalamu bila kuandika.

"Ndiyo, afande."

Alianza kushuka. Nafuna hakutazama kipimo, alitazama uso wa Meja, na aliona nyusi zake zikipanda wakati ambapo kiganja chake kilisikia kitu.

"Hapa, afande," Ocira alisema.

Meja alisoma kipimo, hakukitangaza, akamwambia anyooke. Alimrudisha mara ya pili. Alimrudisha mara ya tatu, na safari hii alimsubirisha kwa makusudi, akamzungusha kidogo, kisha akamwambia aanze bila kumwonya. Kila mara kiganja kilijua kwanza na mdomo ukafuata. Rosalba aliandika alivyosomewa. Ishirini. Ishirini. Kumi na tisa.

Meja aliweka kipimo mezani. Alimsaidia mzee kuvaa shati, mkono mmoja kisha mwingine, akazunguka akasimama mbele yake. Alikuwa mtu aliyezoea kuwa sahihi, na aibu ilimkaa usoni wazi wazi, hakujaribu kuificha.

"Mbona ile siku hukusema?"

Ocira alilitafakari swali hilo kwa uaminifu, kama anavyotafakari swali lolote la mkubwa wake.

"Hukuniuliza, afande. Ulisema niiname."

Meja alikaa. Alivuta fomu ya Julai, akakata themanini, akakata ule mstari, akaandika kumi na tisa katika kisanduku cha pili, akatia saini na saa. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Alimkabidhi Rosalba fomu pamoja na faili zima, akamwambia aipeleke kwenye orodha ya madaktari kwa miguu yake mwenyewe, asimtume mtu, na asiondoke pale mpaka aone jina la Ocira limeandikwa.

Rosalba alikuwa ameshafika mlangoni Meja alipomwita.

"Ukirudi, niletee mafaili ya wote niliowapima mimi tangu Januari," alisema. "Wale niliowapigia mstari. Wote."

Nafuna alimuuliza ni wangapi. Meja alisema hakumbuki. Alikuwa ameshaishika simu ya mezani ili awaarifu watu wa orodha kwamba Rosalba yuko njiani, lakini bado hakuwa amebonyeza namba yoyote, kwa sababu Ocira alikuwa bado amesimama wima katikati ya chumba, jasho likimtiririka, akingoja kuambiwa kwamba anaweza kukaa.